Nani Alitoa Kompaila Kwenye Laptopu Yako?

Wasee, leo naongea na wale wamewahi kuweka Linux kwa laptopu. Kama hujawahi, usiende. Hii stori ni yako pia, hata kama kompyuta yako pekee ni simu iliyo mkononi saa hii.

Unajua ile siku umepata programu moja poa sana mtandaoni, lakini haina kitufe cha kupakua cha kawaida? Wamekuwekea tu faili za msimbo na maelezo mafupi. (Naandika msimbo kwa sababu nikisema kodi mtadhani nimetumwa na KRA.) Unafungua terminali, unaandika make, unabonyeza Enter. Mashine inakujibu kavu: amri haikupatikana. Unajaribu gcc. Pia haikupatikana.

Wengi wakifika hapo hudhani Linux imeharibika, ama wao ndio hawajui kompyuta. Wanafunga terminali wanarudi YouTube. Mimi nasema hakuna kitu kimeharibika. Hicho kifaa hakipo kwa sababu kuna watu mahali walikaa wakaamua kwamba wewe ni mtu wa kutumia programu, si mtu wa kuzitengeneza. Na uamuzi huo haukufanywa mara moja. Ulifanywa, ukapingwa, ukavunjwa, halafu ukafanywa tena kimyakimya kwa sababu zingine kabisa. Mstari wa kurekebisha nitakupa huko mbele, ni mfupi. Lakini ningependa kwanza ujue umetoka wapi.

Tuelewane kompaila ni nini. Fikiria kisiagi, ile posho mill ya mtaani. Msimbo ambao binadamu anaandika, tuseme kwa lugha ya C, ni mahindi. Unaweza kuyashika, kuyachambua, kutoa yaliyooza. Prosesa ya kompyuta haili mahindi. Inakula unga, yaani namba tupu. Kompaila ndiyo kisiagi: unamwaga mahindi huku, unga unatokea kule. Na unga ukishasagwa haurudi kuwa mahindi. Hata kujua kulikuwa na nini ndani inakuwa kazi ngumu. Kwa hivyo mtu anayekuuzia unga pekee amekushika. Unakula anachokupa, vile alivyokisaga yeye. Mwenye mahindi na kisiagi ndiye anaamua mambo ya ugali.

Zamani kisiagi hakikuwepo. Watu waliandika zile namba wenyewe, moja baada ya nyingine. Mwaka 1952 mwanahisabati Grace Hopper, ambaye alikuwa pia mtu wa jeshi la majini la Marekani, alitengenezea mashine ya UNIVAC I programu iliyoitwa A-0. Ilichukua vipande vya kazi vilivyokuwa vimehifadhiwa na kuviunganisha kuwa programu moja. Ukiipima kwa macho ya leo ilikuwa inaunganisha zaidi ya kusaga, lakini yeye aliiita kompaila, na jina likabaki. Alisimulia baadaye kwamba watu hawakutaka hata kuigusa. Walimwambia kompyuta ni ya kupiga hesabu, haiwezi kuandika programu. Miaka mitano baadaye, 1957, timu ya John Backus pale IBM ikatoa FORTRAN, na ubishi ukaisha.

Sasa angalia kitu hiki. Miaka hiyo programu zilikuwa hazina bei yake. Ulikuwa unanunua ama unakodisha mashine kubwa kama chumba, na kompaila inakuja nayo, pamoja na mafundi na vitabu, vyote ndani ya bei moja. Juni 1969 IBM ikatangaza kwamba itaanza kutenganisha: mashine bei yake, programu bei yake. Serikali ya Marekani ilikuwa imewapeleka kortini mwanzo wa mwaka huohuo kwa kutawala soko, kwa hivyo hawakufanya hivyo kwa kupenda tu. Lakini kuanzia hapo programu ikawa bidhaa inayojitegemea. Na bidhaa inaweza kutolewa kwenye kapu.

Mwaka huohuo wa 1969, pale Bell Labs, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kutengeneza Unix. Ritchie akatengeneza lugha ya C, na 1973 Unix yenyewe ikaandikwa upya kwa C. Bell Labs ilikuwa chini ya AT&T, kampuni ya simu, na AT&T ilikuwa imefungwa na makubaliano ya korti ya 1956: usifanye biashara nje ya mambo ya mawasiliano. Kwa hivyo hawangeweza kuuza Unix kama biashara ya kawaida. Wakawa wanaigawia vyuo vikuu kwa bei nafuu, na msimbo wake wote ndani. Ukipata Unix umepata na cc, kompaila ya C. Hakuna aliyewaza mara mbili kuihusu. Unix bila kompaila ingekuwa jikoni bila moto.

Kizazi kizima cha maprograma kililelewa hivyo. Ukiona kitu hakikupendezi, unafungua msimbo, unabadilisha, unasaga upya, unaendelea na maisha.

Halafu 1984 AT&T ikavunjwa vipande, na kwa kubadilishana ikaruhusiwa kuingia biashara ya kompyuta. Unix ikapanda bei. Kampuni zikajaa sokoni kila moja na Unix yake, msimbo ukafungiwa. Na mwisho wakafikia hata moto wa jikoni. Sun Microsystems, waliokuwa wanapendwa sana na maprograma, walitoa Solaris 2 mwaka 1992, na kompaila haikuwa ndani tena. Ukiitaka, lipia kando. Wale waliozoea kuandika cc walipata jibu la kuwaambia kwamba kifurushi cha hiari cha lugha hakijasakinishwa. Kifurushi cha hiari! Yaani manze, umelipia mashine ya bei kali, halafu unaambiwa kuitengenezea programu ni starehe ya ziada.

Hilo jibu na lile la laptopu yako ni ndugu. Tofauti ni kwamba Sun walidhani wameshika watu, na hawakuwa wameshika. Kisiagi cha bure kilikuwa tayari kipo mtaani. Watu waliokuwa hawana haja nacho sana, ghafla walikuwa nayo. Wakamiminika.

Kilitoka wapi? Hapa lazima tukae kidogo.

Richard Stallman alikuwa programa katika maabara ya akili bandia ya MIT. Stori yake maarufu ni ya printa. Maabara ilikuwa na printa ya zamani iliyopenda kukwama karatasi, na kwa kuwa msimbo wake ulikuwepo, aliirekebisha ikawa inawatumia watu ujumbe kwamba karatasi imekwama, njooni mtoe. Kisha Xerox ikawaletea printa mpya ya leza, bila msimbo. Nayo ilikwama, lakini sasa hakuna mtu angeweza kufanya kitu. Alipomfuata jamaa wa chuo kingine aliyekuwa na msimbo huo, akanyimwa; jamaa alikuwa ametia sahihi kwamba hatautoa.

Wewe na mimi tungelalamika wiki moja tuache. Stallman, Septemba 1983, alitangaza kwamba ataandika mfumo mzima kama Unix, unaoitwa GNU, ambao mtu yeyote ataruhusiwa kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Januari 1984 akaacha kazi MIT ili wasije wakadai ni mali yao.

Lakini utaandikaje mfumo bila kompaila? Alisikia kuhusu kompaila moja kutoka Amsterdam, ya Vrije Universiteit, jina linalomaanisha Chuo Kikuu Huru. Akamwandikia aliyeitengeneza kuuliza kama GNU inaweza kuitumia. Jibu, kwa maelezo ya Stallman mwenyewe, lilikuwa la kejeli: chuo ndicho huru, kompaila siyo.

Akajaribu nyingine iliyoitwa Pastel, kutoka maabara ya Lawrence Livermore, akaiongezea sehemu ya kusoma lugha ya C. Hiyo nayo ilikuwa inameza faili zima kwenye kumbukumbu kabla ya kufanya kazi. Ilitaka megabaiti nyingi za nafasi fulani ya kumbukumbu ambapo mashine za Unix alizolenga ziliruhusu kilobaiti 64 tu. Megabaiti nyingi kwa kilobaiti 64. Ni kama kujaribu kuingiza basi la Mombasa kwa geti la ploti.

Basi akaanza upya, kutoka sifuri. Kati ya kazi yote ya Pastel alichobakisha ni ile sehemu ya C aliyoandika mwenyewe. Katikati alikuwa anajilipa kwa kuuza kanda za Emacs, kihariri chake, dola 150 kwa kanda moja. Mwaka 1987 kompaila ikatoka. GCC. Ile gcc ambayo terminali yako inasema haijui.

Na aliitoa na leseni yenye meno. GPL inasema hivi: chukua, tumia, badilisha, hata uza. Lakini ukiwapa wengine toleo lako ulilolibadilisha, lazima uwape na msimbo. Yaani ukigawa unga uliosagwa kwa mahindi yetu, gawa na mahindi. Watu walidhani ni maneno tu. NeXT, kampuni aliyoanzisha Steve Jobs baada ya kutoka Apple, iliongezea GCC uwezo wa kusoma lugha ya Objective-C, ikatafuta njia ya kutoa nyongeza hiyo bila msimbo. FSF, shirika la Stallman, likasema leseni haikubali hiyo. NeXT wakatoa msimbo. Hebu fikiria, programu iliyoandikwa na mtu aliyeacha kazi yake ikamfanya Steve Jobs afungue mkono.

Sitaki mniambie namfanya malaika. Mwaka 2019 Stallman alijiuzulu MIT na FSF baada ya watu kukasirishwa na mambo aliyoandika kwenye sakata ya Jeffrey Epstein, na alipoingia tena kwenye bodi ya FSF mwaka 2021 wengi walipinga hadharani. Hata GCC yenyewe ilimponyoka kiasi. Kufikia 1997 maendeleo yalikuwa yamekwama hadi kundi la maprograma likachukua msimbo, likaenda nao kivyao kwa jina la EGCS. Walikimbia sana hivi kwamba 1999 FSF ilikubali, EGCS ikawa ndiyo GCC rasmi. Ona lakini, hiyo leseni aliyoandika ndiyo iliruhusu wamshinde. Mimi huo ndio mtihani wangu wa uhuru, kama unaweza kumtoka hata mwenye aliyeuanzisha.

Sasa Linux inaingia. Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi Helsinki, umri wa miaka 21, na kompyuta ya 386 aliyonunua mwanzo wa 1991. Alikuwa anatumia Minix, mfumo wa kufundishia ulioandikwa na profesa Andrew Tanenbaum, wa chuo kilekile cha Amsterdam. Agosti 1991 Torvalds aliandikia watumiaji wa Minix akiwaambia anatengeneza mfumo endeshi wa bure, ati ni mambo ya kujifurahisha tu, hautakuwa mkubwa. Kwenye ujumbe huohuo aliorodhesha programu mbili alizokuwa amefaulu kuziendesha juu yake. Moja ilikuwa bash. Nyingine gcc, toleo la 1.40.

Umeona hiyo? Kabla Linux haijawa na kitu kingine cha maana, ilikuwa na kompaila. Toleo 0.11, Desemba 1991, lilikuwa la kwanza kuweza kujisaga lenyewe bila kupitia Minix. Mwanzoni mwa 1992 Torvalds akaiweka chini ya GPL. Hakuna Linux bila gcc, wasee. Seva nyingi za mtandao na simu za Android zinaendeshwa na kiini cha Linux, na kwa miaka mingi karibu kila kiini hicho kilipitia kisiagi cha yule jamaa wa printa.

Kwa hivyo swali linarudi na nguvu: kama Linux ilizaliwa na kompaila mkononi, nani aliitoa kwenye laptopu yako?

Kidogokidogo. Slackware ya 1993 ilikuja kwa disketi nyingi zilizopangwa kwa herufi. Kundi la A lilikuwa mfumo wenyewe. Kundi la D lilikuwa vifaa vya programu. Kama hukuhitaji D, au uvivu ulikushika kupakua, uliruka. Hapo kuna mlango ulifunguka: mtu anaweza kuwa na Linux kamili na asiwe na kisiagi. Ubuntu ilipotoka Oktoba 2004, ikilipiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, mambo yote yalipaswa kuingia kwa CD moja, takriban megabaiti 700. Walituma CD hizo bure kwa posta kwa aliyeomba, pembe zote za dunia, hadi 2011. Kwa sisi hiyo haikuwa mchezo. Nyaya za baharini, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa 2009. Kabla yake intaneti ya Kenya ilipitia setilaiti, na kupakua CD nzima ilikuwa ndoto ya matajiri. Ndani ya hizo megabaiti 700 Ubuntu iliwekea mtu wa kawaida kivinjari, programu ya ofisi, muziki, michezo. Vifaa vya kusaga havikuwekwa kwa usakinishaji wa kawaida. Sijakasirika nao. Mama anayetaka kuandika barua hahitaji kompaila, na bando ni bando.

Kuna sababu ya pili, ya usalama, nayo ina tarehe. Novemba 2, 1988, mwanafunzi wa Cornell, Robert Morris, aliachilia mnyoo kwenye intaneti changa ya wakati huo. Ulivyoingia mashine ni noma. Ulituma kwanza programu ndogo ya C, mistari 99, halafu ukaomba kompaila ya mwathiriwa mwenyewe iisage. Ikishasagwa, hiyo ndogo inaita mnyoo mzima uje. Kisiagi cha mwenye nyumba kikamsagia mwizi unga. Hadi leo wasimamizi wengi wa seva huondoa kompaila makusudi. Kwa seva naelewa. Kwa laptopu ya mwanafunzi, hiyo sababu mimi siinunui; mtu akishaingia kwako siku hizi anakuja na unga wake tayari.

Lakini sababu ikiwa nzuri au mbaya, mwisho wake ni mmoja. Binamu yangu alinunua laptopu ex-UK mjini, mashine fiti, akaweka Linux. Kila kitu kikakubali isipokuwa Wi-Fi. Chipu yake ilihitaji dereva ambayo inakuja kama msimbo. Lazima uisage mwenyewe. Kusaga unahitaji gcc na make. Kupata gcc na make unahitaji intaneti. Kupata intaneti unahitaji Wi-Fi. Alinipigia saa tano usiku akidhani amenunua kitu kibovu na yuko tayari kuirudisha kesho yake kwa hasara. Tulitoboa kwa kuchomeka simu yake na waya wa USB, akawasha kushiriki intaneti kwa waya, laptopu ikaona mtandao. Ilichukua dakika kumi. Ningekuwa nimelala, hiyo laptopu ingeuzwa kwa bei ya kutupa, na msee mwingine angesema Linux si ya watu kama sisi.

Mstari wenyewe, kwa Ubuntu na ndugu zake wa Debian, ni huu:

sudo apt update && sudo apt install build-essential

Jina build-essential linafanya kazi kubwa kwa sababu gcc peke yake haitoshi. Ndani kuna gcc ya C, g++ ya C++, make, na libc6-dev, ambayo ndiyo inaleta zile faili za vichwa kama stdio.h. Bila hizo kompaila inasimama mstari wa kwanza ikilia kwamba faili halipo, na unabaki ukishangaa kwani tumeweka nini. Kuna pia dpkg-dev ya kutengeneza vifurushi vya Debian. Kwa Arch kifurushi kinaitwa base-devel. Fedora wana kundi lao la vifaa vya maendeleo. Kama ni dereva unasaga, kama ya binamu, ongeza linux-headers za toleo la kiini chako. Hakikisha kwa gcc --version. Ikikujibu na namba, uko ndani.

Na kwa sababu nimetaja make: iliandikwa na Stuart Feldman pale Bell Labs mwaka 1976, baada ya mwenzake Steve Johnson kupoteza asubuhi nzima akitafuta kosa kwenye programu ambayo tayari alikuwa ameirekebisha, ila alisahau kusaga upya. Ile sheria ya ajabu kwamba mistari ya make lazima ianze na kitufe cha Tab, si nafasi za kawaida, Feldman alitaka kuibadilisha wiki chache baadaye. Akaona tayari ana watumiaji kama kumi na wawili, asiwasumbue. Watu kumi na wawili! Ndio maana mimi na wewe tunateseka leo.

Sasa, kuna kitu kinanisumbua kuhusu huo mstari wa apt. Gcc unayopata imeshasagwa. Na gcc nyingine. Ambayo ilisagwa na gcc ya kabla yake. Ken Thompson, yule wa Unix, alipopewa tuzo ya Turing pamoja na Ritchie alitumia hotuba yake, iliyochapishwa 1984, kuonyesha ubaya unaoweza kujificha hapo. Unaweza kuharibu kompaila ili kila ikisaga programu ya kuingia kwenye mfumo, iongeze nywila ya siri. Halafu uifundishe kwamba kila ikisaga kompaila nyingine, ipitishe ujanja huo. Kisha unafuta ushahidi wote kwenye msimbo. Mahindi yako ni safi, umeyachambua punje kwa punje, lakini kisiagi kina sumu, na kisiagi kipya kitazaliwa nayo. Hakuna kusoma msimbo kutakuokoa.

Watu hawakuikubali hiyo hivyohivyo. Mradi wa Guix ulitangaza mwaka 2023 kwamba umefika mahali pa kujenga mfumo wake kuanzia programu ya baiti 357. Baiti, si kilobaiti. Ni kitu kidogo ambacho mtu anaweza kukisoma chote kwa macho. Hicho kinajenga kisiagi kidogo, hicho kinajenga kikubwa zaidi, ngazi kwa ngazi hadi gcc. Ni kazi ya miaka ya watu wachache sana, na karibu hakuna anayewajua.

Nilisema stori hii ni yako hata kama una simu tu. Simu hiyo ya Android ina kiini cha Linux ndani, prosesa kali kuliko zote ambazo Hopper aligusa maishani mwake, na ilitoka kiwandani bila kompaila. Si kwa sababu ya nafasi, maana picha zako za WhatsApp pekee zinashinda gcc kwa ukubwa. Wale Sun wa 1992 angalau walikuuzia ukitaka. Hapa hata swali halikuulizwa. Kwa wengi wetu simu ndiyo kompyuta ya kwanza na pengine ya pekee, na tumekabidhiwa ikiwa ya unga tu: sogeza, tazama, lipa, sogeza tena. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi ya laptopu ya mtu yeyote.

Njia ipo. Kuna programu ya bure inayoitwa Termux, inakupa terminali ndani ya Android bila kuvunja chochote. Toleo zuri la kutumia liko kwa F-Droid. Ukishaifungua andika pkg install clang make. Clang ni kompaila nyingine ya C, changa kuliko GCC, ya mradi wa LLVM ulioanzia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 2000. Itakula megabaiti kadhaa, kwa hivyo ngoja Wi-Fi. Halafu andika programu ya mistari mitano, isage, uiendeshe. Ikikataa, tupia kosa lenyewe hapo chini kwa maoni, si picha ya skrini iliyokatwa nusu, nakili maandishi yote. Nitajibu jioni.